Jina la Mtoto: Nyama

Jamani, nina habari. Kaeni, msikae, mimi naanza, maana nikiendelea kuibeba peke yangu itanivunja mgongo. Ila mtanisamehe nikipiga miayo katikati. Habari yenyewe ina miezi tisa na ushee, na muda wote huo nimeilea mimi.

Kwanza niwatoe hofu. Nchi ninayoisema siyo yenu. Yenu naijua, iko vizuri, mafaili yanatembea yenyewe. Hii ni nyingine, ipo huko, na jina lake silitaji kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na anayetoa kibali yuko semina.

Sasa nchi hiyo ilikuwa na wanyama wengi sana, halafu ikawa na wanyama kiasi, halafu siku moja wakaja watalii kuona tembo, wakaonyeshwa picha yake kwenye kalenda. Hapo serikali ikashtuka. Na serikali ya huko ikishtuka haikimbii, inaunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikasema dawa ya ujangili ni sayansi. Ikaletwa mashine ya kupima vinasaba, wenyewe wanaita dienei, nyeupe, inang'aa, ukubwa wa begi la shule. Na mimi nikaletwa nayo, maana ndiyo kwanza nimetoka chuo, na nchi nzima nilikuwa wa pili kwa kujua kuitumia. Wa kwanza alikuwa amepandishwa cheo, kwa hiyo hakuruhusiwa tena kugusa vitu.

Mimi naitwa Eliwaza. Eli, kwa kifupi. Mtaalamu wa Maabara Daraja la Tatu. Jamani nilivyofurahi! Koti langu jeupe wiki ya kwanza nililivaa mpaka sokoni. Mtu akiniuliza nyanya za wapi, namjibu kuhusu vinasaba.

Siku ya uzinduzi akaja Mheshimiwa Waziri Kishindo, na spika sita, na viti vya kukodi vyenye mapambo ya zambarau.

"Itifaki imezingatiwa," akasema, halafu akaitaja itifaki yote, mmoja mmoja, dakika arobaini. Kisha akanyanyua kidole. "Jangili anaweza kuficha bunduki! Anaweza kuficha nyama! Lakini hawezi kuficha nasaba! Kuanzia leo, kila mnyama wa nchi hii atajulikana kwao ni wapi, baba yake nani na mama yake nani! Na ndani ya wiki hii, nasema wiki hii, mtasikia jangili wa kwanza amenaswa!"

Tukapiga makofi. Akakata utepe, kipande cha utepe kikapelekwa masijala kuhifadhiwa. Halafu akaniinamia kwa sauti ya chini, "Binti, hii inachukua muda gani?"

"Mheshimiwa, unaweka kipande cha nyama, hata kidogo kama punje ya mchele, nusu siku unajua ni ya mnyama gani."

"Nusu siku?" Akamgeukia katibu wake, uso umemkunjamana. "Haraka yote hiyo ya nini?"

*

Nje ya geti la maabara alikuwa akiuza supu Mama Hidaya. Miaka kumi. Supu ya mbuzi, chapati, ndimu, pilipili kwenye kopo la maziwa. Wote tulikuwa tunakula pale: sisi wa maabara, madereva, hakimu wa mahakama ya ng'ambo ya barabara, askari wa wanyamapori. Ukichelewa kazini ukasema ulikuwa kwa Mama Hidaya, bosi anakuuliza tu kama supu imebaki.

Sasa siku nne baada ya hotuba, Afande Chilumba, mkuu wa Kikosi kipya cha Vinasaba, alikuwa bado hajapata jangili hata mmoja. Alikwenda porini, akakuta kuna majani marefu, akarudi. Siku ya tano akaja kwa Mama Hidaya na sare mpya yenye mistari ya chuma ya pasi. Akala. Akanyonya mfupa. Akafumba macho.

"Mama Hidaya."

"Abee, baba."

"Hii nyama mbona ni tamu kupita mbuzi?"

"Ahsante, baba. Ni kuichemsha taratibu tu."

"Sijakusifu. Nimekuuliza."

Nilikuwa pale pale, chapati mdomoni. Afande akatoa mfuko wa plastiki wenye zipu, akachota pande la nyama kwenye sufuria, akaufunga, akaandika juu yake kwa kalamu nene: *Swala?* Akaitazama ile alama ya kuuliza, akaifuta.

"Chilumba mwanangu," Mama Hidaya akasema, "huyu si yule mbuzi niliyemchukua kwa Mzee Shauri kule bondeni? Jana amefungwa hapa hapa, umemwona kwa macho yako. Ukamrushia na ganda la ndizi."

"Mama, aliyemwona jana alikuwa raia. Leo niko kazini."

Akambeba mama, na sufuria, na upawa. Ndimu akaziacha, si za porini.

Hidaya, binti yake, alikuwa pale anaosha bakuli, tumbo limeshamfika puani, zimebaki wiki mbili ajifungue. Kwao jina la mtoto wa kwanza anatoa bibi mzaa mama, na lazima awe amempakata. Hatoi kwa simu wala kwa barua. Mama Hidaya akiwa anapandishwa kwenye gari akageuka.

"Usilie, we mtoto. Ukijifungua nisubirini nije nimpe jina. Ni kesho au keshokutwa hii, Eli si ana mashine yake?"

Watu wote wakaniangalia mimi.

"Ndiyo mama," nikasema. "Nusu siku tu."

*

Na kweli nilipima siku ile ile. Saa tisa alasiri karatasi ikatoka: mbuzi. Mbuzi wa kufugwa, dume. Nikaikumbatia kama barua ya mapenzi, nikakimbia nayo masijala kwa Mzee Nukta.

Mzee Nukta ana miaka thelathini kwenye kile chumba. Miwani yake imefungwa kwa uzi, na uzi umefungwa kwa kamba. Akaisoma karatasi juu chini.

"Fomu iko wapi?"

"Fomu gani, mzee?"

"Majibu ya vinasaba hayatoki bila fomu 7B. Sheria hiyo."

Akaivuta. Nikasoma kichwa chake: *Fomu ya Madai ya Mtoto*. Kumbe, jamani, kabla ya mashine yangu, vinasaba katika nchi ile vilikuwa na kazi moja tu: wanaume wanaokataa watoto. Sheria ikatungwa kwa ajili yao, fomu ikachapishwa kwa ajili yao, na nyingine haipo.

"Mzee Nukta, lakini hii ni nyama."

"Kila mtu ni nyama, binti. Andika. Jina la mtoto?"

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Nikaandika *Nyama*.

"Jinsia?"

"Me."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Mzee, sijui alizaliwa lini."

"Alitoka lini kwenye sufuria?"

"Leo."

"Basi. Jina la mama?"

"Mama yake ni mbuzi."

"Jina kamili la mbuzi? Namba ya kitambulisho? Unaona. Amekutwa kwa nani?"

"Kwa Mama Hidaya."

"Andika huyo. Jina la baba anayekana?"

Nikafikiri, nikaandika *Hajulikani*. Mzee Nukta akavua miwani, akaifuta polepole, uso umemchangamka kama mtu aliyepata mgeni.

"Hapo umeharibu. Mtoto asiye na baba faili lake linakwenda Ustawi wa Jamii kwanza."

"Linarudi lini?"

"Linaondoka lini, ndiyo uulize."

Nikarudi maabara na jibu langu. Nikaliweka droo ya pili, chini ya pakiti ya biskuti. Likakaa humo. Kila asubuhi nafungua droo, nakula biskuti, nalisoma: mbuzi. Nchi nzima ilikuwa inajua ni mbuzi. Afande alijua, hakimu alijua, aliila miaka kumi. Lakini kujua siyo majibu. Majibu ni karatasi, na karatasi ilikuwa ina mtoto asiye na baba.

*

Wiki ya saba akaja Dada Ruzuna wa Ustawi wa Jamii, na mkoba, na shajara, na sura ya mtu aliyetembelea nyumba tano tangu asubuhi.

"Nimekuja kuona mazingira anayoishi mtoto Nyama."

Nikamfungulia friza. Tukasimama wote wawili, ule ukungu unatupiga usoni.

"Analala humu?"

"Ndiyo, dada."

"Peke yake?"

"Na barafu."

Akaandika. Nilichungulia juu ya bega lake, namnukuu neno kwa neno: *Mtoto amelala kifudifudi, hana nguo, hasemi, haonyeshi kupokea wageni. Uzito haujaongezeka tangu kuzaliwa. Apatiwe blanketi.*

"Dada Ruzuna," nikasema, "tuongee kama wanawake. Hii ni nyama ya mbuzi."

Akashusha kalamu. Macho yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Mdogo wangu, unadhani mimi sioni? Lakini nikiandika nimekuta nyama, wataniuliza mtoto yuko wapi. Halafu mtoto akipotea ni mimi na wewe." Akaufunga mkoba. "Mtafutieni cheti cha kuzaliwa, niweze kufunga ripoti."

Blanketi likaletwa siku ya tatu, la bluu, na muhuri wa serikali. Tukaliweka.

Basi nikaenda ofisi ya vyeti. Kwenye foleni, mbele yangu, nani? Hidaya. Alishajifungua, mtoto wa kike, kamfunga mgongoni, analala mdomo wazi. Tukasalimiana, tukasema habari za urefu wa foleni, maana tukiongea mengine tutaongea habari za mama.

Zamu yake ikafika.

"Jina la mtoto?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

"Bado. Bibi yake ndiye wa kumpa jina, na bibi yuko mahabusu."

"Hatuandiki bado. Anayefuata!"

Aliyefuata ni mimi.

"Jina la mtoto?"

Jamani, mnaona nilipo? "Nyama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Jina la pili?"

"Hana."

"Lina kasoro, lakini ni jina." Akagonga muhuri, pa! Cheti hicho hapo, na nembo ya taifa.

Hidaya akakitazama kile cheti, akanitazama na mimi. Tuliongozana mpaka njia panda, na mtoto wake mgongoni akiitwa tu Mtoto.

*

Mahabusu wanaruhusu kuonana Jumapili. Dhamana hakuna, kwa sababu ujangili ni kosa la kuhujumu taifa, na taifa halijawahi kumdhamini mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mnakula wapi siku hizi?"

"Biskuti."

Akasikitika kuliko alivyosikitikia hali yake. Alikuwa na kanga ile ile moja aliyokamatwa nayo. Mchana anaivaa, akilala anaitandika nusu na kujifunika nusu.

"Sakafu hii ina baridi, Eli. Inapanda mpaka kwenye meno." Akakunja kanga magotini. "Mtoto wa Hidaya anafanana na nani?"

"Na wewe. Mpaka masikio."

Akacheka kidogo, akayashika masikio yake. Halafu akaniuliza, wala si kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayeuliza saa, "Ile nusu siku bado haijaisha?"

Nikainuka, nikaaga kabla saa ya kuonana haijaisha. Mimi! Mimi ambaye naongea mpaka usingizini.

*

Msije mkadhani kikosi kilikaa bure. Mwezi wa tano Afande Chilumba alisimamisha lori kizuizini. Juu magogo, chini ya magogo meno ya tembo, sitini na mawili, mengine bado yana damu. Afande alitetemeka kwa furaha. Akalileta lori zima mpaka kwenye geti letu, na mimi nikashuka ngazi mbili mbili, nikasema leo ndiyo leo, leo nitapima kitu cha maana mpaka tujue tembo hawa wameuawa pori gani na nani anapita huko.

Mzee Nukta akatoka na 7B mkononi. Akapanda juu ya tairi, akachungulia.

"Ni nini hivi?"

"Meno, mzee," akasema Afande.

"Meno?" Mzee Nukta akaishusha fomu. "Fomu 7B, kifungu cha pili: mtoto mchanga. Huyu meno yote haya? Huyu ni mtu mzima."

"Mzee Nukta, ni tembo!"

"Sikatai. Namtakia heri. Lakini fomu ya watu wazima haijachapishwa."

Wakabishana mpaka adhuhuri. Sheria ikashinda. Dereva wa lori akaandikiwa barua ya kuombwa radhi kwa kucheleweshwa, nakala tatu. Muungwana sana yule dereva, alinisaidia hata kuokota kalamu. Akatazama huku na huku.

"Hivi yule mama wa supu siku hizi yuko wapi?"

"Kashikwa," nikamwambia. "Ujangili."

Akatikisa kichwa kwa majonzi. "Watu hawana huruma na wanyama." Akapanda lori lake, akaondoka.

*

Faili lilirudi mwezi wa saba, nene kama godoro. Ustawi wameridhika, blanketi limekaguliwa, cheti kimebandikwa. Sasa naruhusiwa kutoa majibu! Nikafungua droo ya pili, nikatoa karatasi yangu, nikaanza kuihamishia kwenye 7B. Na hapo ndipo nikaona sehemu ya majibu ina visanduku viwili tu. *Aliyetajwa ndiye mzazi. Aliyetajwa siye mzazi.* Hakuna pa kuandika mbuzi. Niliandika pembeni, Mzee Nukta akanirudishia: pembeni ni pa matumizi ya ofisi.

Nikafikiri. Mama Hidaya ni mama wa Nyama? Siye. Nikatia alama kwenye *siye*, na nikajiona nina akili sana.

Mahakamani hakimu akaisoma polepole. Alikuwa amepungua na yeye, tangu supu ife.

"Mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa siye mama mzazi wa Nyama."

Nikamkonyeza Hidaya. Hidaya akainuka na mtoto.

"Kaa chini. Sasa linazuka swali zito zaidi. Mama, kama mtoto si wako, ulikuwa naye kwa nini? Na kwenye sufuria?"

Ukumbi ukasema *aaah*. Waandishi wakaandika.

"Mheshimiwa," Mama Hidaya akasema, ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, "mama yake ni mbuzi."

"Usimtukane mwenzako! Mshtakiwa atarudi mahabusu mpaka mama mzazi apatikane. Na akipatikana, aje na yeye ajieleze."

Akatolewa kwa mlango wa nyuma. Alipopita karibu na Hidaya akanyoosha mkono, ncha za vidole zikagusa kisigino cha mtoto. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kupakata kwake.

Mimi nilirudi maabara nikavua koti jeupe, nikalitundika. Toka siku ile nalivaa nikiwa na kazi tu. Nilichoka jamani. Siyo uchovu wa miguu. Ni ule wa kuwa na jibu sahihi.

*

Lakini kama ni mama anatakiwa, basi mama tutamleta. Nilikwenda bondeni kwa Mzee Shauri, na Afande Chilumba nyuma yangu kwa sababu sheria inamtaka awepo mtu mwenye kofia. Mzee Shauri anafuga mbuzi kumi na nane na anawajua kama wajukuu.

"Yule dume mdogo aliyekwenda kwa Mama Hidaya? Mama yake huyu hapa. Kidoti. Njoo, Kidoti."

Akaja mbuzi jike mweupe, doa jeusi juu ya jicho. Akanusa koti la Afande, akaanza kulila pindo.

"Bi Kidoti," Afande akasema, amesimama wima, "unaombwa kutoa ushirikiano."

Kidoti akatoa ushirikiano: mate, na vinyweleo vitatu. Nusu siku, kama kawaida. Nikatia alama kwenye *ndiye*, nikagonga muhuri mpaka meza ikalia.

Kesi ikapangiwa asubuhi moja ya mwezi wa tisa, na ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kidoti akapandishwa kizimbani. Akapewa hati ya wito, akaila. Hakimu akaandika kwamba ameipokea.

"Wewe ndiye mama wa mtoto Nyama?"

Kidoti akamtazama.

"Unamdai mtoto wako?"

Kimya. Hakimu akaandika, *Hamdai*. Kisha akavua miwani, akalamba midomo, nadhani alikuwa anakumbuka ndimu.

"Kwa kuwa mama mzazi amepatikana, na kwa kuwa hana malalamiko, mshtakiwa yuko huru."

Jamani! Nilipiga kelele mpaka nikaonywa. Hidaya analia, mimi nalia, Mzee Nukta anatafuta fomu ya kulia. Mama Hidaya peke yake hakulia. Alishuka kizimbani taratibu, akashikilia ukuta, akasema, "Mleteni mtoto."

"Subiri, mama," akasema Afande Chilumba. "Waziri yuko njiani."

*

Waziri Kishindo alikuja na spika nane safari hii. Viti vya zambarau vikapangwa nje ya geti letu, pale pale penye mafiga ya zamani ya Mama Hidaya.

"Itifaki imezingatiwa," akasema, na tukajua jua litatuchoma. "Walituuliza, sayansi itasaidia nini? Leo nawajibu! Katika miezi tisa tu, taifa hili limempata mama wa nyama! Ni nchi gani nyingine imempata? Majirani wanahangaika na meno ya tembo, sisi tumeshavuka huko!" Akampandisha cheo Afande Chilumba mbele ya umati, akambandika nyota begani. Wakati anabandika, barabarani likapita lile lori la magogo, limelemewa, matairi yamebonyea. Dereva akatupungia mkono. Tukampungia.

Sasa akabaki Kidoti, amefungwa kwenye nguzo ya geti.

"Mimi nitamrudisha kwa Mzee Shauri," nikasema.

"Kielelezo hakirudi, Eli," akasema Afande, anajipapasa nyota. "Kesi ikiisha, kielelezo kinateketezwa. Utaratibu."

"Kwa moto?"

"Wa kiasi."

"Afande!"

"Na nani anajua moto wa kiasi kumshinda Mama Hidaya?" akasema hakimu kutoka kiti chake cha zambarau, na uso wote ukamfunguka. Nilimwambia hakimu, yule ni shahidi. Akasema ushahidi wake umeshapokelewa.

Mama Hidaya alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamtazama mjukuu wake kwa mbali. Wakamwambia pika kwanza, mama, viongozi wana njaa, mtoto hakimbii. Akanitazama. Nilidhani atakataa. Lakini miezi tisa kwenye sakafu ile inamfundisha mtu kipi kinafupisha siku. Akainuka, akaomba upawa wake. Ukatafutwa kwenye vielelezo, ukapatikana, una lebo.

Ukapita muda mrefu. Harufu ikaanza, ile ile. Watu wazima wakaacha kuongea. Mzee Nukta alikuja akasimama karibu na sufuria na bakuli lake la chuma, macho yamelowa, akasema ni moshi.

Wakagawiwa, wakaanza. Hapo ndipo Mama Hidaya akajifuta mikono, akamwambia Hidaya, "Haya. Mlete sasa." Hidaya akamshusha mtoto mgongoni. Alikuwa ameshaota meno mawili ya chini, na anacheka na kila mtu.

"Mama Hidaya."

Ilikuwa sauti ya Afande Chilumba. Alikuwa amefumba macho, mfupa mkononi.

"Abee, baba."

"Hii nyama mbona ni tamu kupita mbuzi?"

Vijiko vikasimama. Waziri akatazama bakuli lake. Hakimu akatazama la kwake. Watu mia mbili walikuwa wamemwona Kidoti asubuhi ile, kizimbani, na doa lake.

"Afande," nikasema, "umemwona mwenyewe! Umemfunga wewe kwenye nguzo!"

"Aliyemfunga alikuwa mkuu wa kikosi," akasema, akigusa mfuko mwingine wenye zipu mfukoni. "Mimi sasa nina cheo kingine."

Mama Hidaya hakubisha. Aliweka upawa juu ya kifuniko. Akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye ndoo.

"Eli mwanangu, pita nyumbani unichukulie na kanga ya pili. Mara ile nilipata tabu na baridi."

Kisha akanyoosha mikono, akampokea mtoto, na safari hii hakuna aliyewahi kumzuia, kwa sababu wote walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka bakuli bila kuacha kula. Akampakata. Akamtazama masikio, akayashika, moja moja. Mzee Nukta alishachomoa 7B mpya, kalamu iko hewani.

"Jina la mtoto?" akauliza. Wala sikujua anamuulizia yupi, wa mikononi au wa kwenye sufuria.

Mama Hidaya akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la mjukuu wake, akanong'ona neno moja. Mtoto akacheka, yale meno mawili yote nje.

"Amesema nani?" Mzee Nukta akaniuliza. "Wewe uko karibu. Amesema nani?"

Mnanijua, jamani. Mimi habari hainilali tumboni. Na nililisikia lile jina, lote, ni zuri, mngelipenda.

"Andika Nyama," nikamwambia.